Mashine ya kukamua alizeti kijijini: hesabuni tani kwanza, mashine baadaye

*"Sisi ni kikundi cha wanawake 12 katika kijiji kimoja wilayani Chemba. Kijiji kina kaya kama 600 na wengi wanalima alizeti, lakini kila Juni wanunuzi kutoka nje wanakuja na malori, wanabeba yote, halafu sisi tunanunua mafuta dukani kwa bei ya juu. Tumeomba mkopo wa halmashauri wa shilingi milioni 30 tununue mashine ya kukamua. Umeme wa REA umefika mwaka jana. Diwani anasema kiwanda kitabadilisha kijiji. Baadhi yetu wanataka tuanze na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ili tuuze Dodoma mjini. Je, milioni 30 zinatosha? Na mashine ipi ni nzuri?"*

Ndugu zangu, mmeuliza kuhusu fedha na mashine, ila swali lenu limebeba pia hofu ambayo hamkuitaja: msije mkabaki na chuma kilichofungiwa bandani huku deni likisubiri. Mna haki ya kuogopa. Kanda ya kati ina mashine nyingi za namna hiyo, na nyingi hazikufa kwa kuharibika. Zilikosa alizeti ya kukamua.

Jibu la mkato ni kwamba milioni 30 zinaweza kutosha kununua mashine, lakini hazitoshi kuinunua na kuiendesha. Mkishaelewa kwa nini, swali la mashine ipi litakuwa rahisi.

Tuanze na uwezo wa mashine. Mashine ndogo ya skrubu yenye mota ya kilowati 7.5, ikiwa nzima na alizeti ikiwa kavu, hukamua takriban kilo 150 kwa saa. Kwa saa nane hiyo ni tani 1.2, na kwa siku 20 za kazi kwa mwezi ni tani 24. Sasa wekeni bei ya alizeti. Nitatumia shilingi 1,000 kwa kilo kwa sababu ni rahisi kuzidisha. Nyinyi wekeni bei ya kwenu ya Juni. Kuilisha mashine mwezi mmoja kunataka shilingi milioni 24. Na hamnunui mwezi hadi mwezi, kwa sababu alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka, inaanza kuuzwa Mei, ikifika Agosti imeshaondoka kijijini. Anayetaka kukamua hadi Desemba inabidi awe ameinunua na kuihifadhi akiwa bado anadaiwa. Milioni 30 zikiishia kwenye mashine, mota, chujio, banda na kuvuta umeme, mwezi wa Juni mtasimama kando ya mzani bila hata shilingi, mkiangalia malori yaleyale yakipakia.

Hapa kuna dhana ya kurekebisha. Watu husema wanunuzi wa nje wanatuibia. Wapo wanaoiba, hasa kwa lumbesa (gunia linalojazwa kupita kipimo) na mizani isiyokaguliwa. Lakini mkulima haendi kwa mnunuzi wa lori kwa ujinga. Anakwenda kwa sababu yule ana fedha taslimu, leo, shambani, siku ambayo ada inadaiwa na deni la dukani limekomaa. Wengine walishakula fedha hiyo tangu Februari, alizeti ikiwa bado maua. Mshindani wenu wa kweli ni fedha taslimu ya Juni. Kikundi kikisema "tuletee, tutakulipa tukishauza mafuta," kitapata magunia ya wanachama na ya ndugu zao wawili watatu, basi.

Kwa hiyo kabla ya mashine, pimeni kijiji. Kazi hii inachukua wiki moja na daftari. Mpite kwa mabalozi na wenyeviti wa vitongoji, muulize kila kaya ilivuna magunia mangapi msimu uliopita na msimu wa kabla yake, iliuza lini, kwa nani, na ilibakiza mangapi kwa mafuta ya nyumbani. Ulizeni misimu miwili kwa makusudi, maana Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na mvua zikikatika Februari mavuno yanaweza kuwa nusu. Mfano wa hesabu: kaya 400 zinazolima ekari mbili mbili, kila ekari ikitoa kilo 300, ni tani 240. Inaonekana nyingi. Lakini kikundi kipya kikipata robo ya hizo kimefanya kazi kubwa, nayo ni tani 60. Mashine yenu itazimaliza kwa siku 50, kisha ilale hadi mwaka unaofuata. Deni halilali.

Sasa tuone kinachotoka ndani ya gunia, kwa sababu faida na hasara za biashara hii zinaamuliwa na lita tatu nne tu.

Chukueni kilo 100 za alizeti ya kawaida, aina ya Rekodi, iliyokaushwa na kupepetwa vizuri. Mashine ndogo yenye mhudumu mzoefu itatoa kama lita 24. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takriban gramu 920, hivyo hizo ni kilo 22. Mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, yatakuwa kama kilo 68. Kilo 10 zilizobaki ni takataka, unyevu na machicha ya kwenye chujio. Mafuta yakiuzwa kwa jumla shilingi 4,500 kwa lita mnapata 108,000. Mashudu kwa shilingi 500 kwa kilo ni 34,000. Jumla ni 142,000. Toeni 100,000 za alizeti, inabaki 42,000 ya kulipia umeme, vibarua, madumu, usafiri na mkopo.

Alizeti ileile ikikamuliwa vibaya ikatoa lita 20, mafuta yanaingiza 90,000. Mashudu yanaongezeka hadi kilo 72, yaani 36,000, kwa kuwa mafuta yamebaki humo. Jumla 126,000, linabaki pengo la 26,000. Mmepoteza lita nne tu, lakini zaidi ya theluthi ya kilichokuwa kinabaki imekwenda. Na kama mlinunua gunia lenye kilo sita za makapi na mchanga, hesabu inazidi kubana.

Lita hizo hupotelea wapi? Mara nyingi kwenye unyevu. Alizeti ya kuhifadhi inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 9 hivi, na ya kukamua iwe chini kidogo ya hapo, kati ya 6 na 8. Ikiwa mbichi, skrubu haishiki. Mashudu yanatoka laini kama ugali uliopoa, mafuta yanatoa povu, na mhudumu anakaza bolti hadi mota inanguruma. Ikikauka kupita kiasi, mashudu yanatoka unga, mafuta yanatoka moto na yenye rangi ya giza, na chujio linaziba kila mara. Mashudu yanayotoka sawasawa ni vipande vyembamba, kama milimita moja hadi moja na nusu, upande mmoja laini na mwingine wenye mikwaruzo. Kamateni konzi moja yakishapoa kidogo, mfinye kwa nguvu. Kiganja kikibaki na mafuta ya kung'aa, hayo mafuta mmeyauza kwa bei ya mashudu. Kipimo cha unyevu cha mkononi si cha bei ya kutisha, na kwa maoni yangu kinunuliwe kabla ya mashine.

Sababu ya pili ni kuchakaa. Skrubu na vyuma vinavyoizunguka huliwa taratibu na mchanga uliomo kwenye alizeti iliyopurwa chini. Upenyo unapanuka, msukumo unapungua, lita zinapungua, na hakuna anayegundua kwa kuwa mashine bado inazunguka. Hivyo swali la "mashine ipi ni nzuri" lina jibu lisilo na jina la kiwanda: ni ile ambayo skrubu yake, beringi zake na mikanda yake vinapatikana Dodoma mjini au Singida wiki ileile vinapoharibika, na ambayo kuna fundi aliyewahi kuifungua. Muulizeni muuzaji bei ya skrubu kabla ya kuuliza bei ya mashine. Akibabaika, ondokeni. Na msikubali kulipa kabla hajakamua gunia lenu wenyewe, mkapima kilo zinazoingia, lita na mashudu yanayotoka.

Umeme nao mmeutaja kana kwamba suala limekwisha. Halijaisha. Mota ya kilowati 7.5 inataka umeme wa njia tatu (three phase), na vijiji vingi vilivyofikiwa na REA vina njia moja kwenye sehemu kubwa ya makazi. Kuwaka kwa taa hakuna maana kwamba mota itazunguka. Nendeni ofisi ya TANESCO ya wilaya na nakala ya kibao cha mota (kilowati, volti, njia), muulize kwa maandishi kama njia tatu ipo karibu na eneo mnalokusudia na gharama ya kuifikisha ni kiasi gani. Jibu hilo linaweza kuhamisha eneo la banda, au kuwapeleka kwenye injini ya dizeli, ambayo hesabu yake ni tofauti. Kwa matumizi, kilo 100 za alizeti zitakula takriban uniti 5. Zidisheni kwa bei mnayonunulia LUKU.

Tuje kwenye njia mlizonazo. Mimi naona tatu.

Ya kwanza ni kukamulia watu kwa malipo. Mkulima analeta gunia, analipa, anaondoka na mafuta yake. Kwa baadhi ya mashine analipa kwa kuacha mashudu. Uzuri wake ni kwamba hamhitaji fedha ya kununulia alizeti na bei ya mafuta ikianguka haiwaumizi sana. Ubaya wake uko kwenye wingi. Kwa ada ya mfano ya shilingi 8,000 kwa kilo 100, tani 60 zinaingiza milioni 4.8 kwa msimu mzima. Mkitoa umeme, mhudumu na vipuri, pengine zinabaki milioni mbili. Hakuna mkopo wa milioni 30 unaolipika hivyo. Njia hii inafaa pale ambapo mashine imeshalipwa, au vijiji vitatu vinne vinaitegemea hiyohiyo.

Ya pili ni ile mliyoifikiria: kununua, kukamua, kuuza mafuta na mashudu. Faida yake ni kubwa zaidi, na hatari nayo ni kubwa zaidi. Mnabeba bei ya alizeti na bei ya mafuta kwa pamoja, na bei ya mafuta ya kula Tanzania hufuata pia maamuzi ya ushuru wa mafuta yanayoingia kutoka nje. Mliona wenyewe 2022 na 2023: ushuru ulipolegezwa bei ya alizeti ilianguka, na aliyekuwa amejaza ghala kwa bei ya juu ndiye aliyeumia kuliko wote.

Ya tatu haina sifa kwenye mikutano ya hadhara, lakini ndiyo ninayowashauri kwa msimu wa kwanza. Ombeni fedha kidogo, tuseme milioni 12, msinunue mashine. Milioni mbili ziende kwenye mzani, kipimo cha unyevu, maturubai, magunia na chaga za mbao za kupangia magunia yasiguse sakafu. Milioni kumi zinunue tani 10 mwezi Juni, taslimu, kwa kilo. Kamulisheni kwenye mashine iliyopo tayari Kondoa, Kibaigwa au Dodoma mjini, kwa ada. Tukirudi kwenye mfano wetu: pengo la 42,000 kwa kilo 100, toeni 8,000 za kukamulisha na tuseme 5,000 za usafiri, zinabaki 29,000. Kwa tani 10 hiyo ni milioni 2.9 kabla ya madumu na vibarua. Mkifanikiwa kuzungusha fedha hiyohiyo mara mbili kabla bei haijapanda, mara mbili ya hapo. Muhimu zaidi, mtakuwa na daftari linaloonyesha alizeti ya kijiji chenu inatoa lita ngapi hasa, nani ananunua mafuta, nani anataka mashudu, na wanachama gani wanafika saa 12 asubuhi kupima magunia na gani wanafika kwenye mgawanyo.

Mzani huo ukaguliwe na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Kijijini hakuna tangazo zuri kuliko mzani wa kweli. Mkulima aliyezoea lumbesa akiona gunia lake linasoma kilo anazoziamini, atawauzia hata bei yenu ikiwa chini ya ile ya lori kwa shilingi 20.

Kuhusu mkopo wenyewe. Fedha hizi zinatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hazina riba, na ndiyo maana foleni ni ndefu. Utoaji ulisimamishwa 2023 na ukarudishwa baadaye kwa utaratibu mpya wenye ukaguzi zaidi, kwa hiyo tarajieni maswali mengi kuhusu uhai wa kikundi na mradi. Kitu ambacho vikundi vya kilimo husahau ni tarehe. Mkopo wa alizeti unaoingia Novemba ni mkopo wa kununulia alizeti ghali iliyobaki kwa madalali. Pelekeni andiko la mradi mapema, mwambieni afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa maandishi kwamba fedha zinahitajika kufikia Mei, na ombeni marejesho yaanze baada ya mauzo ya kwanza, sio mwezi unaofuata. Zikichelewa hadi Oktoba, kuna ujasiri wa kusema "tunaomba zije msimu ujao". Najua ni vigumu kukataa hundi iliyoandikwa jina lenu.

TBS sasa. Wenzenu wanaotaka alama ya ubora hawajakosea, wamewahi tu. Alama inahusu bidhaa na mahali inapotengenezwa, na nyinyi bado hamna hivyo viwili. Tangu 2019 TBS ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula, hivyo banda la kukamulia litakaguliwa: sakafu inayosafishika, dari, wavu madirishani, chumba cha kujaza mafuta kilichotengwa na vumbi la alizeti, maji, choo. Mkijua hayo kabla ya kufyatua tofali la kwanza mtajenga mara moja. Wajasiriamali wadogo kawaida huanzia SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, kwa mafunzo na barua ya utambulisho, kisha TBS. Mkiwa bado mnakamulisha kwingine, uzeni kwa jumla kwa madumu ya lita 20, kwa wenye maduka na mama lishe wa tarafa yenu. Mafuta yakae kwenye pipa safi siku mbili tatu yatuame, yachujwe, kisha yaingie kwenye vyombo vipya. Chupa za maji zilizotumika, zikipangwa juani kando ya barabara, ndizo zinazoyapa mafuta ya kanda yetu ile harufu ya kuchacha.

Mashudu msiyachukulie kama takataka. Katika mfano wetu yalileta karibu robo ya mapato, na nyinyi mko katikati ya wafugaji. Lakini yahifadhiwe makavu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu (sumu ya fangasi) ya mahindi, na fangasi wanaoileta hawachagui zao. Ng'ombe wa maziwa akila mashudu yenye sumukuvu, sehemu yake hupita hadi kwenye maziwa.

Na diwani? Anachosema kina ukweli ndani yake, ila kiko mahali tofauti na anapokionyesha. Mashine ndogo huajiri watu watatu hadi watano. Haibadilishi kijiji kwa ajira. Kinachobadilika ni kwamba Juni kuna mnunuzi wa pili mwenye mzani wa haki, mashudu yanabaki kwa mifugo ya hapo, na sehemu ya fedha ya mafuta inazunguka kijijini. Kama diwani anataka kusaidia, asiwaahidi jengo la kufunguliwa kwa sherehe. Asukume barabara ya kutokea kijijini ipitike mvua zikianza, njia tatu ifike, na halmashauri itoe fedha kabla ya mavuno. Hayo matatu yako ndani ya uwezo wa vikao anavyoingia. Hamhitaji kumpigia magoti.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Ardhi ni mojawapo: banda lisijengwe kwenye kiwanja cha mwanachama kwa maelewano ya mdomo. Eneo la kijiji hutolewa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Pateni muhtasari uliosainiwa na kugongwa muhuri, na kama eneo lina mgogoro wowote, mwoneni afisa ardhi wa wilaya kabla ya kuchimba msingi. Katiba ya kikundi nayo isomwe na afisa maendeleo ya jamii mkiwa wote 12 chumbani, hasa kifungu cha mwanachama anayejitoa: anaondoka na nini, lini? Na mkifika hatua ya kununua mashine, nendeni na fundi wa SIDO Dodoma aikague kabla ya kulipa. Ada yake ni ndogo kuliko hasara ya kununua mashine mbovu.

Hatua hiyo mtaijua kwa namba. Mkipitisha tani 60 kwa msimu mmoja kupitia mikono yenu, zenu na za kuwakamulishia wengine, na mkawa na akiba ya kununulia angalau tani 15 bila kugusa mkopo, rudini kwa halmashauri kuomba mashine, mkiwa na daftari la msimu huo mkononi. Mkiishia tani 20, endeleeni kukamulisha Kondoa.